Pierre Mégnin, mganga wa farasi aliyesoma siku ya kifo kwa wadudu

Tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka wa 1878, mjini Paris, mganga Paul Brouardel alipasua maiti ya mtoto mchanga. Mwili ule mdogo haukuwa unaoza tena. Ulikuwa umekauka, ngozi imeshika mifupa, na juu yake kulikuwa tabaka la kahawia kama vumbi la tumbako. Brouardel alikuwa mmoja wa waganga waliosikilizwa sana na tribinali za Ufaransa, lakini siku ile elimu yake ilifika mwisho. Mtu aliyekufa jana unaweza kumpima joto. Aliyekufa juzi unaweza kumgusa viungo, uone kama vimekaza ao vimeanza kulegea. Kwa mtoto huyu, saa hizo zote zilikuwa zimesimama zamani, na sheria ilitaka kujua alitupwa lini.

Kilichobaki ni wadudu. Ndani ya maiti kulikuwa mabuu ya nondo, na lile vumbi la kahawia lilionekana kuwa na uhai wa namna fulani. Brouardel akaomba msaada kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa Edmond Perrier, profesa kwenye Makumbusho ya Viumbe ya Paris. Wa pili hakuwa profesa wala mganga wa watu. Alikuwa mganga wa mifugo wa jeshi, mtu wa kutibu farasi, na jina lake ni Pierre Mégnin.

Kumwita mganga wa farasi katika kesi ya mtoto kulikuwa jambo geni. Lakini Brouardel hakukosea mlango.

Jean-Pierre Mégnin alizaliwa mwaka wa 1828 huko Hérimoncourt, katika jimbo la Doubs, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Ni kijiji kilekile ambacho ukoo wa Peugeot unatokea, wale ambao magari yao yalijaa barabara zetu kwa miaka mingi. Mégnin hakuenda kwenye viwanda. Alisoma utibabu wa mifugo kwenye chuo cha Alfort, nje kidogo ya Paris, chuo kilichofunguliwa tangu mwaka wa 1766, kisha akaingia jeshini.

Kwa jeshi la wakati ule farasi alikuwa kila kitu. Alivuta mizinga, alibeba chakula, alipeleka habari. Farasi akiugua, mzinga unabaki njiani. Na moja kati ya magonjwa yaliyosumbua zizi za jeshi ni upele: farasi anajikuna, manyoya yanaanguka, anakonda, na kabla ya mwezi kwisha amewaambukiza wenzake wote. Kinacholeta upele ni mdudu mdogo sana, wa jamii moja na utitiri unaosumbua kuku wetu. Maofisa wengi waliona kazi ya kutosha kumpaka farasi dawa na kumtenga. Mégnin alitaka kumjua mdudu mwenyewe. Alikaa kwenye mikroskopi, akawachora hao wadudu mguu kwa mguu, akatofautisha dume na jike, mtoto na mkubwa, akahesabu siku ambazo yai linachukua mpaka kuzaa mdudu anayetaga tena. Hapo ndipo alipopata silaha ambayo profesa wengi hawakuwa nayo. Wao walijua majina ya wadudu. Yeye alijua mwendo wa maisha yao kwa siku.

Kuna ugunduzi wake mmoja wa miaka ya 1870 ambao ungeonekana hauna faida kwa mtu yeyote. Wataalamu walikuwa wanamhesabu mdudu fulani mdogo sana, asiye na kinywa cha kulia, anayeng'ang'ania mwilini mwa inzi na mbawakawa, kuwa kabila la peke yake. Walimpa jina la hypopus. Mégnin alionyesha kwamba huyo si kabila jingine. Ni mtoto wa utitiri wa kawaida, wale wa kwenye jibini na nyasi kavu, aliyebadilika umbo kwa ajili ya safari. Chakula kikikauka, utitiri hauna mabawa ya kuhama. Basi unageuka kuwa abiria: unapanda juu ya inzi, unasafirishwa mpaka penye chakula kipya, unashuka, unavua ngozi na kuanza kuzaa tena. Mtu anaweza kucheka kwamba ofisa wa jeshi alipoteza wakati wake kwa jambo kama hilo. Lakini ndilo lilieleza jinsi utitiri unavyoweza kufika kwenye maiti iliyofichwa mahali ambapo haungefika kwa miguu yake.

Turudi kwenye meza ya Brouardel. Perrier aliwatambua wale mabuu kuwa wa nondo wa jamii ya Aglossa, wanaopenda mafuta yaliyochacha. Akitazama vilevile namna mwili ulivyokauka, alisema mtoto alitupwa wakati wa kiangazi kilichopita, yaani miezi sita ao saba nyuma.

Mégnin alishika njia nyingine kabisa. Alichukua lile tabaka la kahawia, akaliweka chini ya mikroskopi, akaona kwamba halikuwa vumbi. Lilikuwa ngozi tupu za utitiri na mavi yake, na hakuna chochote kingine. Ndani ya fuvu alikuta utitiri wenyewe, wa aina moja tu, wengi kupita kiasi. Alihesabu sehemu ndogo, kisha akapiga hesabu ya mwili mzima: wazima na wafu pamoja walikuwa karibu milioni 2.4.

Basi akageuza swali. Utitiri wachache waliofika kwa mgongo wa inzi wanahitaji siku ngapi kufikia milioni? Kwa kuwa alijua uzazi wao, alipanga hivi: baada ya siku 15, kizazi cha kwanza ni majike 10 na madume 5. Baada ya siku 30, majike 100 na madume 50. Baada ya siku 45, majike 1.000 na madume 500. Kila siku 15 hesabu inazidishwa mara kumi, na siku ya 90 kuna majike milioni moja na madume laki tano. Hiyo ni miezi mitatu. Lakini utitiri wa namna ile hauanzi kazi kwenye mwili mbichi. Lazima mwili ukauke kwanza. Akiongeza muda wa kukauka, Mégnin alisema mtoto alikufa si chini ya miezi mitano, na pengine saba ao nane.

Watu wawili, njia mbili, jibu karibu moja. Hesabu ya Mégnin ni nyepesi mno, hilo lazima lisemwe: hakuna familia ya wadudu inayozaa kwa utaratibu wa namna hiyo bila kufa njaa ao baridi. Lakini ilikuwa hesabu ambayo hakimu angeweza kuifuata kwa kidole, na yeyote aliyetaka kuipinga alijua ni wapi aanzie.

Mégnin hakuwa wa kwanza Ufaransa kuuliza wadudu. Mwaka wa 1850, katika mji mdogo wa Arbois, fundi aliyekuwa akitengeneza nyumba alikuta maiti kavu ya mtoto mchanga nyuma ya jiko la ukutani. Wakaaji wa nyumba hiyo walikuwa wageni, walihamia si zamani, na macho yote yaliwaangukia wao. Mganga wa pale, Bergeret, alichunguza maganda ya inzi na mabuu ya nondo yaliyokuwa ndani ya mwili, akasema maiti iliwekwa pale mwaka wa 1848. Kwa neno hilo wakaaji wapya wakatoka katika shaka, na sheria ikawageukia waliokuwa wamepanga nyumba mbele yao. Bergeret alikosea mambo fulani, kwa mfano alidhani inzi anahitaji mwaka mzima kukamilisha maisha yake. Hata hivyo kesi ya Arbois inaonyesha kwa nini tarehe ni kitu kikubwa. Katika nyumba ya kupanga, miaka miwili ndiyo tofauti kati ya mtu anayelala kwake na mtu anayelala gerezani.

Baada ya 1878 Mégnin hakuacha tena. Mwaka wa 1880 alitoa kitabu kikubwa juu ya vimelea vya binadamu na vya wanyama. Aliendelea kuitwa katika kesi, na kila kesi ilimwongezea daftari. Alikwenda pia kwenye makaburi ya Ivry, karibu na Paris, wakati maiti zilipofukuliwa. Watu wengi waliamini kwamba aliyezikwa chini ameepukana na inzi. Mégnin alikuta ndani ya majeneza inzi wadogo wa jamii ya Phora na mbawakawa wadogo, katika maiti zilizokaa ardhini miaka miwili ao mitatu. Habari hizo alizitangaza mwaka wa 1887 chini ya jina la wanyama wa makaburini.

Kitabu kilichompa jina mpaka leo kilitoka mwaka wa 1894: La faune des cadavres, yaani wanyama wa maiti. Ni kitabu kidogo, cha kubebwa mfukoni, nacho kilikusanya kazi ya miaka 15. Mégnin aliwaita wadudu wa maiti wafanyakazi wa kifo, akawapanga kwa vikosi vinane. Hapo mtu anamwona askari. Kwake maiti ni kama mahali pa kambi: kikosi kinafika, kinakula kinachokipendeza, kinaondoka na kuacha majivu na makopo, kisha kinachofuata kinaingia. Mtu anayejua kusoma mabaki hayo anajua ni vikosi vingapi vimepita, hata kama hakuna mdudu mzima aliyebaki.

Kikosi cha kwanza ni cha inzi wanaofika mwili ungali mbichi, wakati mwingine kabla hata harufu haijasikika na pua ya mtu. Harufu ikianza, wanaingia inzi wa kijani na wale wakubwa wa kijivu. Kikosi cha tatu kinangoja mafuta yachache, na hapo ndipo wale nondo wa Perrier wanapatikana pamoja na mbawakawa wa ngozi. Cha nne kinapenda nyama iliyofanana na jibini, nao ni ndugu za wadudu wanaoharibu jibini dukani. Vikosi vya tano na sita vinamaliza unyevu, na cha sita chote ni utitiri. Cha saba kinatafuna kilichokauka kabisa: ngozi, nywele, kano. Wengi wao ni wadudu walewale wanaotoboa koti la sufu ndani ya kabati. Cha nane kinakuja miaka mitatu imepita na kuokota makombo ya wengine wote.

Wakati huohuo alikuwa na maisha mengine ambayo watu wa tribinali hawakuyajua. Mwaka wa 1885 alianzisha gazeti la wafugaji, L'Éleveur. Alipenda mbwa sana, akaandika juu ya makabila yao, na wapenzi wa mbwa wa Ufaransa wanamkumbuka kama mmoja wa waliotenganisha kwa maandishi mbwa wachungaji wa Brie, wenye manyoya marefu, na wale wa Beauce, wenye manyoya mafupi. Académie de Médecine, baraza la waganga wakubwa wa Ufaransa, lilimpokea kuwa mmoja wao, yeye aliyeanzia katika zizi.

Kitabu chake kilivuka bahari upesi, na huko kikakutana na shida yake ya kwanza. Mwaka wa 1897, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, waganga Wyatt Johnston na Georges Villeneuve waliweka maiti nje na kufuata wadudu siku kwa siku. Walikubali njia ya Mégnin, lakini walionya kwamba tarehe zake zisihamishwe kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kupimwa upya. Mwaka uliofuata, mjini Washington, Murray Motter alitoa matokeo ya makaburi 150 yaliyofukuliwa, na mpangilio wa vikosi haukuonekana wazi kama kitabu kilivyosema.

Kosa la Mégnin halikuwa katika macho yake. Alichokiona alikiona kweli, lakini alikiona Paris na kandokando yake, penye baridi ya miezi mingi. Mdudu hana joto lake mwenyewe: anakua kwa joto la mahali alipo. Inzi wa kijani anayeitwa Lucilia sericata, kwenye joto la nyuzi 27 hivi, anamaliza safari ya kutoka yai mpaka inzi kwa wiki mbili. Kwenye nyuzi 16 anahitaji zaidi ya mwezi. Mwaka wa 1965 Mmarekani Jerry Payne alitangaza majaribio aliyofanya South Carolina kwa maiti za nguruwe wadogo wakati wa joto. Zile zilizoachiwa wadudu zilipoteza asilimia 90 ya uzito kwa siku sita. Zile zilizofungiwa wadudu wasiingie zilibaki na umbo kwa muda mrefu. Kalenda ya miaka mitatu imegeuka kuwa ya wiki moja. Mtu anayetaka kutumia kitabu cha 1894 Kindu ao Kisangani atakosea vibaya, na hata kati ya Uvira na Masisi tarehe haziwezi kuwa moja.

Hata hivyo, pale Mégnin alipotoka, yaani kwa wanyama, ndipo njia yake inaonekana kuwa ya lazima zaidi. Kupima joto la maiti ya mtu kunasaidia kwa sababu watu wanafanana: wote wanaanzia karibu nyuzi 37. Farasi anaanzia karibu 38, kuku anapita 41, na kondoo mwenye sufu hapoi sawa na yule aliyenyolewa. Ng'ombe akifa, tumbo lake kubwa linaendelea kuchachua majani kana kwamba yuko hai, linajaa hewa, na mwili unakaa na moto muda mrefu. Tena mnyama wa porini mara nyingi haonekani siku ya kwanza. Anayemkuta anakuta inzi wamekwisha kumfikia.

Mwaka wa 1995, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, watoto wawili wa dubu walikutwa wamepigwa risasi, matumbo yamepasuliwa na nyongo zimechukuliwa. Nyongo ya dubu inauzwa kwa bei kubwa katika biashara ya dawa. Juu ya mizoga hakukuwa na mabuu, mayai ya inzi tu. Walinzi waliyachukua na kuyatunza mpaka yakaanguliwa, na mtaalamu wa wadudu Gail Anderson akahesabu nyuma: kutoka saa ya kuanguliwa mpaka saa ya kutagwa. Saa hiyo ililingana na wakati ambapo washukiwa walionekana pale. Walihukumiwa kifungo. Ni hesabu ya Mégnin, ila badala ya miezi imekuwa ya saa.

Kwetu, swali la tangu lini linaulizwa kila mara tembo anapokutwa ameuawa. Mpango wa kimataifa wa kufuatilia mauaji ya tembo, unaojulikana kwa jina la MIKE, unafanya kazi katika mbuga kadhaa za Kongo, zikiwemo Garamba, Virunga na Kahuzi-Biega. Mlinzi anayekuta mzoga anaandika mahali, anaandika kama pembe zipo, na anaandika umri wa mzoga: mpya, wa karibuni, wa zamani, wa zamani sana. Anatazama kama nyama ingali ndani ya ngozi na mabuu yanatembea, kama majani yamekufa kuzunguka mwili kwa maji ya kuoza, kama mifupa imebaki peke yake, kama mifupa imeanza kupasuka kwa jua. Mzoga wa siku tatu unamtuma afuate nyayo. Wa mwaka mmoja unaingia katika daftari tu. Akikosea kati ya hiyo miwili, ataacha kuwafuata wawindaji walio karibu, ao atapeleka wenzake mbio nyuma ya watu walioondoka zamani.

Mégnin alikufa Vincennes, karibu na Paris, mwisho wa mwaka wa 1905, akiwa na miaka 77. Vikosi vyake vinane havitumiki tena kama alivyoviacha. Wataalamu wa leo wanapima joto la mahali na kufuga mabuu mpaka yawe inzi, ndipo wanataja tarehe. Jina lake limebaki pia mahali ambapo yeye mwenyewe angelitafuta: katika manyoya ya kuku. Utitiri fulani unaoishi humo, na kumfanya kuku ajidonoe mpaka abaki na ngozi wazi, wanasayansi waliuita Megninia.